Maswali ya Sayansi: Wino Uliogoma Kupanda Kwenye Karatasi

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jaribio moja, nalo ni kutenganisha rangi za wino kwa njia ya kromatografia. Wanafunzi wengi hulichagua kwa mradi wa sayansi kwa sababu vifaa vyake ni vichache na matokeo yake huonekana kwa macho. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa imebeba mambo ambayo karibu kila anayefanya jaribio hili hukutana nayo.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nilikata vipande vitatu vya karatasi ya chujio, nikaweka doa la wino mweusi wa kalamu tofauti kwenye kila kipande, kisha nikavisimamisha ndani ya glasi yenye maji. Kipande cha kwanza kilitoa rangi ya buluu juu, manjano katikati na waridi chini. Cha pili hakikubadilika kabisa, doa limebaki jeusi pale pale. Cha tatu rangi yote iliingia majini na karatasi ikabaki nyeupe. Katika ripoti niliandika kwamba rangi nyepesi hupanda juu na nzito hubaki chini, na kwamba majaribio mawili yalishindikana. Mwalimu wangu amenirudishia ripoti akisema haina vipimo na hitimisho halina ushahidi. Nimebakiwa na wiki tatu. Nirekebishe nini?

Marahaba. Kabla ya kurekebisha chochote, kichukue kile kipande cha pili ulichokiita kilichoshindikana ukibandike kwenye daftari lako, uandike chini yake jina la kalamu, tarehe na kimiminika ulichotumia. Kipande hicho hakikushindwa. Umekiuliza swali, yaani kama wino ule unayeyuka katika maji, nacho kimekujibu kwamba hauyeyuki. Wanafunzi wengi hutupa karatasi za namna hiyo na kubaki na zile zenye rangi za kupendeza, na kwa kufanya hivyo hutupa nusu ya walichokigundua.

Wino mweusi huweza kutengenezwa kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni kuchanganya rangi kadhaa zinazoyeyuka, kila moja ikifyonza sehemu yake ya mwanga, hadi pasibaki mwanga wa kutosha kurudi machoni mwetu, ndipo tunaona weusi. Kipande chako cha kwanza ni cha aina hii, na buluu, manjano na waridi ulizoziona zilikuwamo ndani ya kalamu tangu mwanzo. Maji hayakuzitengeneza, yalizitenga tu. Njia ya pili ni kutumia chembe laini sana za kaboni, zinazofanana na masizi, ambazo haziyeyuki bali huelea ndani ya kimiminika cha wino. Wino huo ukishakauka, chembe hizo hunaswa kati ya nyuzi za karatasi na maji hupita kando yake bila kuzibeba, na hiyo ndiyo sababu wino wa kaboni hupendwa kwa maandishi yanayotakiwa kudumu. Aina ya tatu hutumia rangi zinazoyeyuka, lakini katika vimiminika vya jamii ya alkoholi na mafuta, si katika maji. Makapeni zisizofutika na kalamu nyingi za kawaida zenye kigololi kwenye ncha ziko katika kundi hili.

Kwa hiyo kipande chako cha pili kinaweza kuwa cha aina ya pili au ya tatu, na hapo tayari una swali zuri la mradi. Weka doa jipya la wino ule ule kwenye karatasi mpya, na safari hii tumia spiriti badala ya maji. Rangi zikipanda, una wino unaoyeyuka katika alkoholi. Zisipopanda hata kidogo, kuna uwezekano mkubwa kwamba weusi ule ni wa chembe zisizoyeyuka. Matokeo yote mawili yanafaa kuandikwa, na yote mawili yana uzito kuliko picha ya upinde wa rangi isiyo na maelezo.

Kipande cha tatu ni habari nyingine, kwa sababu pale kosa lilikuwa la mpangilio. Rangi iliyoingia majini inaonyesha kwamba doa lilizama. Maji yakiligusa doa moja kwa moja, wino huyeyukia ndani ya glasi badala ya kupandishwa na karatasi. Chora mstari wa kuanzia umbali wa sentimita 2 kutoka ukingo wa chini wa karatasi, na kina cha maji kisizidi sentimita 1, ili ukingo wa karatasi uloane huku doa likibaki juu ya maji kwa nafasi ya kutosha. Mstari huo uchorwe kwa penseli, kwa kuwa risasi ya penseli haiyeyuki. Nilipokuwa naanza kufundisha niliwahi kuuchora kwa kalamu ya wino mbele ya darasa zima, na mstari wenyewe ukaanza kupanda pamoja na madoa. Kipindi kikaisha tukibishana rangi ipi ni ya mstari na ipi ni ya doa. Tangu siku ile hukagua penseli kabla ya kukagua kalamu.

Doa lenyewe linahitaji mkono mtulivu. Gusisha ncha ya kalamu kwenye mstari na kuiondoa mara moja, doa lisizidi milimita 3 kwa upana, uliache likauke, kisha urudie mara tatu au nne mahali pale pale. Lengo ni kupata doa dogo lenye wino mwingi. Ukilifanya kubwa kwa mgandamizo mmoja, rangi zitapanda zikiwa na mikia mirefu inayofunikana, na hutajua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Karatasi ishikwe kwenye kingo, maana mafuta ya vidole huzuia maji kupita sawasawa. Ining'inizwe wima bila kugusa ukuta wa glasi, kwa sababu mahali inapogusa maji hupanda haraka na kuupindisha mstari wote. Funika glasi kwa kifuniko au sahani ndogo ili hewa ya ndani ijae mvuke. Pasipo kifuniko kimiminika hukauka kutoka usoni mwa karatasi kikiwa njiani, na vipimo vyako vitatofautiana kila unaporudia.

Sasa tuje kwenye vipimo ambavyo mwalimu wako anavitaka. Maji yakikaribia sentimita 1 kutoka ukingo wa juu, itoe karatasi na papo hapo, kabla haijakauka, weka alama ya penseli mahali maji yalipofikia. Usingoje hata dakika moja, kwa kuwa ukingo ule wa unyevu hupotea na ukishapotea huna njia ya kuupata tena. Karatasi ikikauka, pima umbali kutoka mstari wa kuanzia hadi katikati ya kila doa la rangi, na umbali kutoka mstari huo huo hadi alama ya maji. Gawanya umbali wa rangi kwa umbali wa maji. Jibu huandikwa kwa alama Rf, na siku zote huwa kati ya 0 na 1, kwa sababu hakuna rangi inayoweza kukitangulia kimiminika kinachoibeba.

Tuseme maji yamepanda milimita 80, buluu milimita 68, manjano milimita 52 na waridi milimita 36. Rf ya buluu ni 0.85, ya manjano 0.65 na ya waridi 0.45. Usiandike tarakimu nyingi kuliko rula yako inavyoruhusu. Ukikosea milimita 1 katika milimita 80, Rf inayumba kwa takribani 0.01, kwa hiyo tarakimu mbili baada ya nukta zinatosha, na yule anayeandika 0.8497 anadai usahihi asiokuwa nao. Kwa sababu hiyo hiyo vipande virefu ni bora kuliko vifupi: katika kipande ambacho maji yamepanda milimita 40 tu, kosa lile lile la milimita 1 huyumbisha jibu mara mbili zaidi.

Kila wino uwe na vipande vitatu, vilivyokatwa kutoka karatasi ya aina moja na kwa mwelekeo mmoja, kwa kuwa nyuzi za karatasi huelekea upande mmoja kuliko mwingine na hilo hubadili mwendo wa maji. Ukipata 0.84, 0.86 na 0.85, andika wastani kwa moyo mkunjufu. Ukipata 0.70, 0.85 na 0.91, usikimbilie wastani. Tafuta kwanza kilichotofautiana, kama ni kifuniko, ukubwa wa doa au karatasi iliyoegemea ukuta wa glasi.

Limebaki hitimisho lako la rangi nyepesi na nzito, ambalo naona ndilo lililomfanya mwalimu akurudishie ripoti. Maelezo hayo yamezagaa na yanaingia akilini kwa urahisi, lakini uzito hauielezi tofauti hii. Karatasi imetengenezwa kwa nyuzi za selulosi, ambazo hupenda kushika maji na hushika pia molekuli za rangi, kila rangi kwa kiwango chake. Rangi inayopanda huwa katika hali mbili kwa zamu: ama imeyeyuka katika maji yanayokwenda, ama imeshikwa na nyuzi na kusimama. Ni kama wasafiri waliotoka pamoja kwa mwendo mmoja, mmoja akisimama kumsalimu kila anayekutana naye na mwingine akipita moja kwa moja. Hawatafika pamoja, ingawa wanapotembea hutembea sawa. Buluu yako yenye Rf 0.85 ilitumia takribani asilimia 85 ya muda wake ikiwa safarini, na waridi yenye 0.45 ilitumia zaidi ya nusu ya muda ikiwa imeshikwa.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe, na hapo ndipo mradi wako unapopata nguvu. Uzito wa molekuli haubadiliki unapobadilisha kimiminika. Endapo uzito ndio ungeamua, mpangilio wa rangi ungebaki ule ule katika maji na katika spiriti. Chukua ile kalamu ya kwanza, uipime katika maji matupu, katika mchanganyiko wa kiasi sawa cha maji na spiriti, na katika spiriti kama ilivyo kwenye chupa. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 70, mchanganyiko wa nusu kwa nusu utakuwa na takribani asilimia 35, hivyo utakuwa na hatua tatu: 0, 35 na 70. Chora grafu ya Rf ya kila rangi dhidi ya asilimia hizo. Mistari ikipanda na kushuka kwa namna tofauti, au ikikatana, umeonyesha kwa vipimo vyako kwamba kinachoamua ni jinsi rangi inavyopendelea kimiminika au karatasi. Wiki tatu zinatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Ndugu Mhariri, mwanangu anataka kurudia nyumbani jaribio la kutenganisha rangi za wino kwa kutumia spiriti badala ya maji. Je, kuna hatari? Nimkataze?

Usimkataze, ila uwepo. Hatari kubwa ni moto. Spiriti hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika joto la kawaida la chumba, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa juu ya meza kabla ya kupaa. Mshumaa, kiberiti, jiko na kitu chochote chenye cheche vikae mbali, na dirisha liwe wazi. Mililita 10 au 20 zinatosha kwa chombo kimoja, kwa hiyo hakuna haja ya kuiacha chupa nzima wazi mezani. Chombo kifunikwe, jambo ambalo jaribio lenyewe linalidai pia, na kiandikwe kilichomo ili mtu asije akadhani ni maji ya kunywa.

Ninaomba jambo moja lizingatiwe kwa ukali: itumike spiriti ya kusafishia ngozi, wala si alkoholi ya viwandani ambayo haijulikani ina nini. Methanoli ni sumu inayoweza kupofusha macho na kuua, na kwa macho haitofautishiki na spiriti nyingine. Asetoni na petroli viachwe kabisa. Mradi huu hauvihitaji.

Mwalimu, sisi ni wanafunzi wawili tunaofanya mradi wa kutambua kalamu iliyotumika kuandika barua. Tumepima kalamu mbili za buluu za watengenezaji tofauti, na kila moja imetoa doa moja lenye Rf 0.62. Tunaweza kuandika kwamba wino wao ni mmoja?

Hapana, bado hamjafika hapo. Mlichokipata kinaruhusu sentensi moja tu, kwamba wino huo wa aina mbili haukutofautiana kwenye karatasi ile, katika kimiminika kile. Rangi mbili zisizohusiana zinaweza kusafiri umbali sawa katika maji kama vile watu wawili wasiofahamiana wanavyoweza kuwa na kimo kimoja. Zikitofautiana, mna ushahidi wa nguvu kwamba si wino mmoja. Zikilingana, mna sababu ya kuendelea kupima.

Hatua inayofuata ni kubadilisha kimiminika. Rangi zilizokwenda sawa katika maji zina nafasi ndogo ya kwenda sawa pia katika spiriti ikiwa si rangi moja, na kila kimiminika kipya mnachoongeza hupunguza nafasi ya kubahatisha. Wataalamu wa uchunguzi wa nyaraka hufuata fikra hiyo hiyo wanapolinganisha wino, ingawa mara nyingi hutumia bamba lililopakwa tabaka jembamba la silika badala ya karatasi, na huangalia madoa hayo chini ya taa ya urujuanimno pia, kwa sababu rangi mbili zinazofanana mchana zinaweza kuachana pale moja inapong'aa na nyingine kubaki giza.

Kuna mbinu nzuri zaidi ambayo ningefurahi kuiona katika mradi wenu. Kata karatasi ya mraba, sentimita 12 kwa 12, uweke doa moja tu karibu na pembe, sentimita 2 kutoka kila ukingo. Pandisha kwanza kwa maji. Ikauke kabisa, kisha igeuzwe kwa pembe mraba, ili ule mstari wa rangi uliopanda sasa ulale chini kama mstari wa kuanzia, na upandishe mara ya pili kwa spiriti. Doa lililoonekana moja baada ya maji huweza kugawanyika mara mbili likivutwa upande wa pili. Hilo doa lenu moja la 0.62 huenda ni rangi mbili zilizopandana, na hamtajua mpaka mgeuze karatasi. Angalieni tu maji yalipokomea safari ya kwanza, maana uchafu wa karatasi hukusanyika pale na huweza kuonekana kama utepe wa manjano uliofifia. Msiuhesabu kuwa ni wino.

Wekeni pia, kando ya sampuli zenu, kipande kimoja kisicho na wino wowote. Kitawaonyesha kila kinachotoka kwenye karatasi yenyewe.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi. Wanafunzi wangu huuliza kama kromatografia ni ya kutenganisha rangi za kalamu tu, na ni nani aliyeianzisha. Naomba maelezo mafupi nitakayowasomea.

Mwanzilishi anayetambuliwa ni Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, aliyeeleza njia yake mjini Warsaw mwaka 1903. Alipitisha rangi za majani ndani ya bomba la kioo lililojazwa unga wa chokaa, na ule ukijani ambao kwa macho ni rangi moja ukajipanga kuwa mikanda ya kijani na manjano. Jina kromatografia alilitumia katika maandishi yake ya mwaka 1906, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Na jina lake mwenyewe, Tsvet, kwa Kirusi ni rangi. Kabla yake, Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge alikuwa amechapisha katika miaka ya 1850 picha zilizojichora zenyewe kwa kemikali zilizodondoshwa kwenye karatasi, ila hakuifanya kuwa njia ya uchambuzi.

Kuhusu swali la kwanza, vitu vingi vinavyochambuliwa kwa kromatografia havina rangi hata kidogo. Mwaka 1944, Consden, Gordon na Martin walionyesha jinsi ya kutenganisha asidi za amino kwa karatasi. Asidi hizo hazionekani, hivyo karatasi ikishakauka hunyunyiziwa kemikali iitwayo ninhidrini na kupashwa moto, na madoa ya zambarau hujitokeza pale ambapo jicho halikuona kitu. Archer Martin na Richard Synge walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1952 kwa kromatografia ya mgawanyo waliyoibuni. Frederick Sanger alitumia karatasi za namna hiyo alipokuwa akichambua mpangilio wa asidi za amino katika insulini, na Melvin Calvin akazitumia kufuatilia njia ya kaboni wakati mmea unapotengeneza chakula chake. Wote wawili walipata Nobel, Sanger mwaka 1958 na Calvin mwaka 1961. Waambie wanafunzi kwamba karatasi ya Calvin ilipandishwa mara mbili kwa pande mbili, kama ile niliyowaeleza wenzao hapo juu.

Shikamoo Mwalimu. Nilipokuwa nikingoja rangi zipande nilitazama saa. Maji yalipanda milimita 20 kwa dakika moja, nikadhani yatafika milimita 60 kwa dakika tatu, lakini yalifika 40 baada ya dakika nne na kidogo, na 60 baada ya karibu dakika kumi. Karatasi yangu ina kasoro?

Marahaba. Karatasi yako ni nzima, na wewe umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, yaani kuandika saa wakati wengine wanatazama rangi.

Maji huvutwa juu na nafasi nyembamba zilizo kati ya nyuzi, na mvuto huo haubadiliki sana maji yanapoendelea kupanda. Kinachobadilika ni mzigo. Mwanzoni maji hupita katika milimita chache tu za karatasi iliyoloa, lakini yakifika juu, kila tone jipya linapaswa kusukumana na msuguano wa njia yote kuanzia chini. Mvuto ni ule ule na msuguano unaongezeka, kwa hiyo mwendo unapungua. Watafiti wawili walilieleza jambo hili, Lucas mwaka 1918 na Washburn mwaka 1921: umbali uliozidishwa kwa wenyewe huenda sambamba na muda. Jaribu kwa namba zako. Mraba wa 20 ni 400, wa 40 ni 1,600, wa 60 ni 3,600. Ikiwa dakika moja ilitoa 400, basi 1,600 ingehitaji dakika 4 na 3,600 ingehitaji dakika 9. Umepata nne na kidogo, na karibu kumi.

Ile ziada ndogo nayo ina sababu. Maji yaliyo juu yana uzito unaoyavuta chini, na sehemu yake hukauka kutoka usoni mwa karatasi kabla ya kufika. Uzito huwezi kuuondoa, lakini ukaukaji unaweza kuupunguza kwa kufunika chombo, na hapo una jaribio zima: karatasi zile zile, maji yale yale, glasi moja imefunikwa na nyingine iko wazi. Kabla ya kuanza, chora mistari hafifu ya penseli kila milimita 10 kutoka pale maji yanapoigusa karatasi, si kutoka kwenye mstari wa doa, ili usilazimike kuingiza rula ndani ya glasi wakati maji yanapanda. Andika saa kila mstari unapofikiwa, kisha chora grafu ya mraba wa umbali dhidi ya muda. Glasi iliyofunikwa inapaswa kukupa nukta zinazokaribia mstari ulionyooka, na ile ya wazi itaanza kuinama upande wa juu.

Ukiwa na spiriti, na mzazi akiwa karibu, pima pia mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Una mnato mkubwa kuliko maji matupu, yaani hutiririka kwa uzito zaidi, na mkazo wa uso wake, ambao ndio huuvuta juu kati ya nyuzi, ni mdogo, hivyo hupanda polepole zaidi. Jiandae kungoja, na penseli iwe mkononi.